Misingi ya Demokrasi na Kupungua kwa Imani ya Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Neno la leo ni neno linalotajwa kila siku katika redio na katika baraza za kahawa, nalo ni demokrasi. Wengi hulitaja, lakini ni wachache wanaokaa wakalipima. Asili yake ni lugha ya Kigiriki, na maana yake ni utawala wa watu. Yaani watu wenyewe ndio wenye mamlaka, na mtawala ni wakili wao tu, aliyekabidhiwa kazi kwa muda na kwa masharti. Mwenye mali aweza kumwondoa wakili aliyeshindwa kazi. Wakili hana ruhusa ya kumfukuza mwenye mali. Mtu akilishika jambo hili moja, mengine yote humfungukia.

Misingi ya utawala huu si mingi, wala si migumu kufahamika. Msingi wa kwanza ni kwamba kila mtu mzima ana rai moja, tajiri na maskini, msomi na asiyejua kusoma. Wa pili ni kwamba muda wa mtawala una mwisho, na mwisho huo huandikwa kabla hajaingia madarakani. Wa tatu ni kwamba sheria iko juu ya wote, na hakimu haangalii uso wa mtu. Wa nne ni kwamba watu hupata habari za kweli na husema bila hofu, kwa maana asiyejua hachagui, bali hubahatisha. Wa tano, nao ndio unaosahauliwa mno, ni kwamba wengi hutawala, lakini wachache hubaki na haki zao kamili: uhai wao, mali yao, dini yao, heshima yao, na matumaini ya kuwa wengi kesho kwa nguvu ya hoja. Msingi huu wa tano utarejewa mbele, kwa kuwa nchi ya Rwanda imelipa kwa damu kosa la kuuacha.

Ndugu wasikilizaji, haifichiki kwamba imani ya watu katika utawala huu imepungua, wala haya si maneno ya barazani tu. Taasisi ya Afrobarometer, inayokusanya rai za watu wa kawaida barani Afrika, ilitangaza mwaka 2024 matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 39. Watu wawili katika kila watatu walisema kwamba bado wanaupendelea utawala wa demokrasi kuliko mwingine wowote. Lakini katika nchi 30 ambazo zimechunguzwa mara kwa mara kwa muda wa miaka kama kumi, kiasi hicho kilikuwa kimeshuka kwa sehemu 7 katika 100. Na zaidi ya nusu ya walioulizwa walisema wako tayari kukubali wanajeshi watwae serikali, iwapo viongozi waliochaguliwa watayatumia vibaya madaraka yao. Kisha macho yameona. Wanajeshi walitwaa serikali Mali mwaka 2020 na tena 2021, Guinea mwaka 2021, Burkina Faso mara mbili katika mwaka 2022, Niger na Gabon mwaka 2023. Na katika miji kadhaa vijana walitoka barabarani kuwashangilia.

Yafaa kuuliza kwa utulivu: watu hawa wamechoshwa na nini? Je, wamechoka kuulizwa rai zao? Uchunguzi huo huo wajibu kwamba sivyo, kwa kuwa walio wengi bado wanataka kuchagua. Wamechoka kuulizwa kisha wasisikilizwe. Mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji haachi kuyapenda maziwa, humwacha muuzaji. Hatari ni kwamba, kwa hasira ya kumkimbia muuzaji huyo, aweza kunywa lolote atakalopewa na wa pili.

Sababu ya kwanza ya kupungua imani ni hiana katika hesabu. Mwaka 1988 nchi ya Kenya ilifanya uchaguzi wa mlolongo. Watu walipanga mstari nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, mchana kweupe, na kila mwenye macho akaona ni mstari upi mrefu. Hata hivyo katika sehemu kadhaa aliyetangazwa mshindi ni mwenye mstari mfupi. Kupanga mstari si kosa kwa dhati yake. Katika vijiji vya Rwanda viongozi wa umudugudu walichaguliwa mwaka 2021 kwa watu kusimama nyuma ya wampendaye. Kilichokosekana Kenya mwaka ule hakikuwa sanduku la kura. Ilikuwa ni amana. Na amana ikikosekana, sanduku nalo halisaidii. Desemba 2007 Wakenya walipiga kura ya siri ndani ya masanduku, lakini matokeo ya urais yakagombewa, na katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Oktoba 2025 Tanzania, nchi iliyosifiwa kwa utulivu kwa miaka mingi, ilifanya uchaguzi wakati kiongozi wa chama kikuu cha upinzani yumo gerezani na chama chake kimezuiwa kushiriki. Mshindi akatangazwa kuwa amepata karibu asilimia 98 ya kura, na mitaani damu ikamwagika.

Sababu ya pili ni ahadi zisizo na mwisho wake. Mgombea huja na nyimbo na fulana, husalimu wazee, hubeba watoto, kisha hutoweka miaka mitano. Kisima hakikuchimbwa, dawa hazimo hospitalini, na kijana aliyemaliza shule amekaa kibarazani. Huyo akiambiwa kwamba demokrasi ni haki yake, hucheka. Wala si kwamba haelewi. Ameelewa kupita kiasi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kuchanganya wingi wa rai na wingi wa nasaba. Hapa Rwanda ina shahada ambayo dunia nzima yapasa kuisikiliza. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwagawia watu vyeti vilivyoandikwa kabila. Uhuru ulipokaribia, na kura zikaanza kupigwa mwaka 1960 na 1961, walikuwapo waliosema kwamba demokrasi ni utawala wa wengi, na kwamba wengi ni wale wa kabila moja. Maneno ya Kinyarwanda rubanda nyamwinshi, yaani umma ulio wengi, yakageuzwa maana, yakawa jina la damu badala ya jina la rai. Jamhuri ilipozaliwa ilibeba kosa hilo tumboni.

Tofauti ya mambo haya mawili ni kama tofauti ya mlango na ukuta. Rai hubadilika. Mtu aliyeshindwa kwa rai huenda kulala akijua kwamba kesho aweza kumshawishi jirani yake na akashinda. Kwa hiyo huvumilia. Nasaba haibadiliki. Mtu aliyeshindwa kwa nasaba ameshindwa kabla hajazaliwa, na mtoto wake ameshindwa pia. Hana la kungojea katika uchaguzi ujao, wala ule wa baada yake. Na aliyeshinda kwa nasaba hana haja ya kutenda mema ili achaguliwe tena; yamtosha kuwatia watu wake hofu ya wale wengine. Mahali pa namna hiyo pana kura, lakini hapana demokrasi, kwa kuwa hesabu imekwisha kufanywa siku ya kuzaliwa.

Mwaka 1973 jeshi lilitwaa serikali ya Rwanda kwa kusema kwamba limekuja kuleta amani na umoja, kisha likaweka chama kimoja, na kabila likabaki katika vyeti. Kwa hiyo anayedhani kwamba bunduki hutibu maradhi ya kura, naye atazame hapa. Juni 1991 katiba iliruhusu vyama vingi. Vyama vikasajiliwa, magazeti yakachapwa, mikutano ikafanywa. Kwa sura ya nje demokrasi ilikuwa imefika Kigali. Lakini redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilitumia uhuru wa kusema kuwafundisha watu kuwachukia jirani zao. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza kabisa ya mauaji, miongoni mwa waliouawa walikuwa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na Rais wa Mahakama ya Katiba Joseph Kavaruganda, watu waliosimama upande wa sheria na mapatano. Sheria ikaanguka nao. Ndipo yakaenea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa hesabu ya serikali ya Rwanda yaliangamiza watu zaidi ya milioni moja katika siku mia moja.

Msiba wa kuhesabiana kwa asili haukuwa wa Rwanda peke yake. Zanzibar, ambako wengi wa Waswahili wana ndugu, vyama vilijulikana kwa asili za watu wao, na katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 waliuawa. Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini kikapata viti 13 tu katika 31. Serikali iliyopokea uhuru Desemba 1963 haikumaliza hata miezi miwili. Januari 12, 1964 ilipinduliwa, na maelfu wakauawa kwa sababu ya asili zao. Burundi nako, Juni 1993, Melchior Ndadaye alichaguliwa na watu kwa kura nyingi. Oktoba mwaka ule ule wanajeshi wakamuua, na nchi ikaingia katika vita vya miaka. Kisiwani walio wengi kwa kura walinyimwa viti. Burundi aliyeshinda alinyang'anywa uhai. Njia ni mbili, na shimo ni moja: kila upande ulimwona mwenzake kuwa adui wa kuzaliwa, si mpinzani wa rai.

Katiba ya Rwanda iliyokubaliwa kwa kura ya watu wote Mei 2003 iliandikwa na watu waliokuwa wameliona shimo hilo. Ilikataza vyama kusimama juu ya kabila, ukoo, jimbo au dini. Na ndiyo sababu chama cha PDI, kilichoasisiwa na Waislamu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la Kiislamu, kilibadilisha jina lake mwaka huo. Iliamuru kwamba Rais wa nchi na Spika wa Baraza la Wabunge wasitoke katika chama kimoja, na kwamba chama chenye viti vingi kisichukue zaidi ya nusu ya mawaziri. Iliwapa wanawake si chini ya sehemu 30 katika 100 za vyombo vya maamuzi, na mwaka 2008 Baraza la Wabunge la Rwanda likawa la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Katika uchaguzi wa Julai 2024 Rais Paul Kagame alitangazwa mshindi kwa asilimia 99.18. Wapo wanaoiona hesabu hiyo kuwa alama ya umoja wa watu waliotoka motoni, na wapo wanaouliza ikiwa mwenye rai tofauti hupata uwanja wa kutosha. Swali hilo lisiogopwe. Umoja ulio wa kweli hustahimili kuulizwa, kama nyumba iliyojengwa vizuri inavyostahimili kugongwa ukutani.

Baada ya kuyataja hayo yote, mtu aweza kusema: kama ushauri wa watu waweza kuleta balaa namna hii, basi heri tuuache. Waislamu wanalo jibu la zamani kwa neno hilo. Mwaka wa tatu wa Hijra, Makuraishi walipouendea mji wa Madina, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikutana na sahaba zake akawaomba shauri. Yeye mwenyewe alielekea kubaki mjini na kujilinda humo. Wengi, hasa vijana waliokosa vita vya Badri, walitaka kutoka. Akaifuata rai ya wengi, wakatoka mpaka Uhud. Matokeo yanajulikana kwa kila mtoto wa chuoni: wapiga mishale waliacha mahali pao, jeshi likavunjika, wakauawa Waislamu kama sabini, akiwamo Hamza, ami yake Mtume, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa.

Angekuwa mtawala mwingine angesema: tazameni shauri lenu lilikotufikisha, tangu leo nitaamua peke yangu. Lakini aya iliyoteremka katika Sura ya Aali Imran baada ya msiba ule ilimwamuru awasamehe, awaombee maghufira, na azidi kushauriana nao katika jambo. Yafaa hili litiwe moyoni. Amri hiyo haikushuka siku ya ushindi, wakati kila mtu anaona kwamba ushauri una faida. Ilishuka makaburi bado mabichi. Wala kosa la Uhud halikuwa kwamba watu waliulizwa. Kosa lilikuwa kwamba waliokabidhiwa mlima waliiacha amana yao. Dawa ya amana iliyovunjwa ni kuirudisha amana, si kuwanyima watu rai. Wazee walisema kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na wahunzi hawajakosekana. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Na ijapokuwa upinzani uliususia uchaguzi wa marudio na manung'uniko hayakwisha, watu waliona kwamba hakimu aweza kumwambia mwenye nguvu hapana. Mwaka 2022 fomu za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, ili kila mwenye hamu ajumlishe mwenyewe. Senegal, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, mwanzoni mwa 2024 Rais Macky Sall alitaka kuusogeza uchaguzi mbele. Baraza la Katiba likamkatalia, kura zikapigwa Machi 24, na Bassirou Diomaye Faye, aliyetoka gerezani siku kumi tu kabla, akachaguliwa na akaapishwa kwa amani. Ghana, Desemba 2024, Makamu wa Rais Mahamudu Bawumia, naye ni Mwislamu, aliona kura zimemkataa, akampongeza mshindani wake hata kabla ya tume kutangaza matokeo. Kumpongeza aliyekushinda ni kazi ngumu kuliko kushinda, na labda taifa hupata faida kubwa zaidi kwa aliyeshindwa kwa heshima kuliko kwa mshindi mwenyewe.

Basi lipi liwapasalo Waislamu wa Kigali? Kwanza, wakumbuke kwamba wao wamekuwa wachache siku zote, na wanajua ladha yake. Wakati wa ukoloni wazee wao walitengwa katika kambi za Waswahili, na kwa kuwa shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, watoto wengi wa Kiislamu walikosa masomo. Aliyeonja uchache hapaswi kumwonea mchache mwenzake. Na mwaka 1994, sheria ilipokufa na serikali ilipogeuka kuwa muuaji, Waislamu wengi waliwaficha jirani zao Watutsi majumbani na misikitini, ingawa wapo pia waliosaliti na aibu yao haifichwi. Wale waliookoa watu hawakuwa wamesoma kitabu cha siasa. Walikuwa na jambo moja tu moyoni: kwamba jirani si hesabu ya kabila, ni nafsi iliyoharamishwa kumwagwa damu yake. Hilo ndilo jiwe la chini la demokrasi yote. Lisipokuwepo, kuta zote zilizojengwa juu yake ni za karatasi.

Pili, wajue kwamba kura ni shahada. Anayemchagua mtu kwa sababu ya sukari na kanga, au kwa sababu ya ukoo, huku akijua kwamba mwingine ndiye anayefaa, ametoa shahada ya uongo. Na anayekaa nyumbani kwa kusema kura yake haina maana, ameificha shahada. Haki ya kulalamika hubaki, lakini nguvu ya lalamiko hupungua.

Tatu, shule ya demokrasi haiko bungeni, iko karibu zaidi. Iko katika mkutano wa kijiji baada ya umuganda, mwananchi anaposimama na kuuliza habari ya mfereji au ya taa za njiani, akasikilizwa bila kukemewa. Iko katika kamati ya msikiti na katika jumuiya yenyewe. Mweka hazina akisoma hesabu mbele ya watu, faranga kwa faranga. Mwenyekiti akimaliza muda wake akaondoka na watu bado wanampenda. Mwanamke na kijana wakisema na maneno yao yakaandikwa katika kumbukumbu. Aliyeshindwa akibaki kuswali safu moja na aliyemshinda: hapo watoto wanaotazama hujifunza mambo ambayo hakuna kitabu kiwezacho kuwafundisha. Lakini kama viti vya jumuiya vinarithiwa, na daftari la fedha linafungiwa sandukuni, basi wasilaumiwe vijana wakidhani kwamba uongozi wote duniani ni hivyo.

Imani ya watu haiamrishwi kwa sheria wala haipatikani kwa nyimbo. Hupotea kidogo kidogo, kila amana ndogo inapovunjwa, na hurudi kidogo kidogo vile vile, kila amana ndogo inapotimizwa. Mwenye jambo kubwa na aanze na dogo lililo mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, awape subira waliosalia, aijaalie Rwanda na nchi jirani viongozi waaminifu na watu wasiochoka kuwauliza, na aitie baraka jumuiya hii katika kazi zake. Wabillahi ttaufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.